Ufukwe ni wa Nani? Maoni ya Wageni wa Bara Juu ya Matembezi ya Dar es Salaam

Ndugu msomaji, huku kwetu Ifakara mpunga ukisha kuingia ghalani na bei ikapatikana, watu huanza kusafiri. Wako wanaokwenda kuwajulia hali jamaa zao, wako wanaopeleka wagonjwa, na siku hizi wako wengi wanaokwenda Dar es Salaam kwa matembezi tu, kuutazama mji na bahari. Shule nazo zimeishika desturi hiyo, na vyuo vyetu vya Qur'ani havikubaki nyuma. Wala hili si jambo la kulaumiwa. Tumeamrishwa tutembee katika ardhi tutazame na tuzingatie, na amri hiyo haikushushwa kwa matajiri peke yao. Kilichonishikisha kalamu si safari zenyewe, bali ni habari zinazoletwa baada ya safari.

Mimi ni mwalimu. Kila kijana wangu aendaye pwani hutakiwa, akirudi, aandike insha ya ukurasa mmoja au miwili aeleze alichokiona na alichokipenda. Insha hizo nimezisoma mwaka baada ya mwaka; nimewasikiliza pia baba zao na mama zao wakisimulia barazani; na safari nyingine nimefuatana nao mwenyewe. Basi maneno yao hufanana kana kwamba yamenakiliwa kutoka ubao mmoja. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, husifiwa na wote, na kila mmoja amepigwa picha juu yake. Maduka makubwa yenye ngazi za umeme husifiwa. Michezo ya maji ya kulipia husifiwa. Hoteli za ufukweni husifiwa hata na yule aliyeishia getini. Lakini Mnazi Mmoja ni uwanja tu. Bustani ya mimea ni miti. Makumbusho ya Taifa ni mifupa na vyungu. Soko la samaki la Feri linanuka. Na magofu ya Kunduchi hayakupata hata mstari mmoja, ingawa watoto walifika mpaka hapo na wakashuka garini.

Sisemi kwamba wamesema uongo. Feri kweli kunanuka, na daraja kweli ni zuri. Ila mizani yao ndiyo inayonitia shaka. Wageni wetu hukipima kitu kwa kiingilio chake: kilicholipiwa ndicho kizuri, na cha bure ama ni kibovu ama si kitu kabisa. Nao hawajui kwamba hukumu hiyo ina nguvu. Mahali pasiposifiwa na mtu hapana wa kupatetea siku mwenye pesa atakapokuja na kamba ya kupimia.

Tuutazame huo uwanja tu. Wajerumani walihamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakayaweka Dar es Salaam, na katika kuupanga mji wakaugawa kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi na biashara katikati, Waafrika nyuma. Waingereza walipoingia wakaushika mgawo huo huo na kuutilia nguvu. Kati ya mitaa ya Wahindi na Kariakoo pakaachwa ukanda mtupu, usijengwe, ili watu wa huku na wa kule wasikaribiane, na kisingizio kikawa afya, yaani maradhi yasivuke. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Basi zingatia, ndugu yangu. Mahali palipowekwa ili kuwatenga watu ndipo watu wa kila namna walipokuja kukutana. Idi imeswaliwa hapo, Maulidi yamesomwa hapo, na mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo. Sijui katika mji mzima mahali palipogeuziwa maana yake kwa uzuri zaidi ya hapo. Mtoto aliyesimuliwa hayo hawezi tena kuandika kwamba ameona uwanja tu. Lakini msimulizi ni sisi tunaomsindikiza, na wengi wetu wakati huo tunahesabu nauli.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye sanamu ya Askari. Mimi si mpenzi wa masanamu, na hukumu yake kwetu inajulikana. Ila maandishi yaliyo chini yake yanafaa kusomwa. Liliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu la Mjerumani von Wissmann lililoondolewa mwaka 1916 Waingereza walipouteka mji. Juu ni askari Mwafrika aliyeelekeza singe yake bandarini. Chini yamechongwa maneno, na humo zimetumika herufi za Kiarabu pia, ambayo hayakuwataja wapiganaji peke yao. Yamewataja na wapagazi walioyabeba majeshi mgongoni. Wapagazi hao ndio walioipa Kariakoo jina lake, maana hapo palikuwa na kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, nalo jina likageuka midomoni mwa wenyeji likawa hilo tulijualo. Na vita vile havikuwa vya mbali nasi. Viliingia bondeni humu, vikapanda milimani, na Mahenge ikaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji mwezi wa Oktoba 1917. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki nzima, wengi kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Kijana wa Ifakara anayekwenda Kariakoo kununua viatu anakanyaga jina la watu ambao huenda mmoja wao ni babu wa babu yake. Katika insha Kariakoo imetajwa mara nyingi sana, na kila mara imetajwa pamoja na bei.

Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940, yakiwa na jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Wako walimu wenzangu wasiotaka kuwapeleka watoto hapo kwa sababu ya fuvu la Olduvai lililopatikana mwaka 1959. Mimi siliogopi fuvu. Kijana aliyesoma dini yake vizuri hatikiswi na mfupa uliolazwa kabatini, na asiyesoma atatikisika hata bila ya mfupa. Lakini nikiwa hapo mimi huwavuta wanangu mbele ya vitu vya Kilwa, vile vigae vya Kichina na mabaki ya mji uliokuwa ukifanya biashara na Uarabuni, Bara Hindi na Uchina wakati ambapo London ilikuwa bado haijui habari zetu. Huko ndiko nitakako wakae, na huko ndiko wanakopita mbio.

Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1967, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zilivyokuwa. Hapo vijana wangu walicheka. Walisema nyumba za udongo na nyasi ziko kwao, ya nini kulipa kiingilio kuja kuzitazama? Nikawauliza, nyumbani kwenu mmeezeka kwa nini? Wakanyamaza, kwa maana ni bati. Kwa rai yangu kijiji hicho ni mahali pazuri kuliko panavyodhaniwa, ila nyumba isiyopikwa ndani yake haina moshi, na nyumba ya nyasi isiyo na moshi huliwa na wadudu. Mtu angeweza kusema hivyo hivyo juu ya makumbusho yote ya dunia. Bustani ya mimea nayo ni ya mwaka 1893. Wajerumani waliifungua ili kujaribu mimea ya biashara, na tangu hapo imemegwa kidogo kidogo kwa majengo hata ikabaki kipande. Kivuli chake bado ni kizuri. Nimekaa hapo nikasoma mpaka adhuhuri, wala hakuna aliyenidai kitu.

Sasa Kunduchi. Nje kidogo ya kijiji cha wavuvi, chini ya mibuyu, yapo magofu ya msikiti wa zama za karne ya 15 au ya 16, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Wageni wa kutoka Ulaya huja wakiwa na vitabu mkononi, wakayatazama makaburi hayo kwa adabu. Wetu hushuka, wakapiga picha ya mbuyu, wakauliza saa ngapi tutafika kwenye michezo ya maji. Nami nasema, mtu anayeswali kuelekea kibla kile kile kilichoelekewa na mihrabu ile, hapo si mgeni hata kidogo. Ni mrithi aliyepita mbele ya nyumba ya urithi wake asiitambue. Lawama si ya watoto. Sisi walimu tunasomesha habari za Damascus na Cordoba mpaka tukazihifadhi, tena tunafanya vyema, lakini ya Kunduchi na Kaole na Kilwa tunawaachia wengine watusomeshee.

Hapo hapo Kunduchi bahari imetoa darsa ambalo kila mgeni angelisikia kama angeuliza. Miaka ya nyuma palikuwa na hoteli mashuhuri kando ya maji. Bahari ikala ufukwe, ikala na bustani, mwisho hoteli ikaachwa. Wataalamu walipochunguza walitaja sababu kadhaa, na mojawapo ni mchanga kuchotwa kwa ajili ya ujenzi katika mito inayomwagia bahari upande huo. Mchanga wa pwani si wa pwani. Huletwa na mito kutoka bara, na mawimbi huutandaza. Ukiuchota mtoni, ufukwe hukosa chakula chake na bahari hula nchi kavu badala yake. Mimi mtu wa mto nililifahamu hilo upesi kuliko mengine yote niliyoambiwa pwani.

Nimefika kwenye ufukwe wenyewe, na hapa nitasimama zaidi, maana ndipo penye jambo.

Coco Beach, kule Oysterbay, ni ufukwe wa watu wote. Nendeni siku ya Jumapili alasiri au siku ya Idi mkaone. Familia zimekuja na mikeka na masufuria ya pilau kutoka Mbagala na Gongo la Mboto. Kina mama wameketi na mabuibui yao wakitazama watoto wanaofukuzana na mawimbi. Mihogo inakaangwa, ikatiwa pilipili, nayo ni mitamu, wala sioni haya kusema kwamba niliila. Maji yakikupwa miamba hutoka, na mtoto wa bara ambaye hajapata kuona maji yanayoondoka na kurudi bila ya mvua hubaki mdomo wazi. Sawa, yapo na mabaya. Takataka zipo. Pombe ipo. Mavazi ya wengine hayatazamiki. Na kila sikukuu husikika habari za watoto waliopotea na watu waliozama, maana mtu aliyejifunza kuogelea mtoni hudhani bahari ni mto mkubwa.

Baadhi ya mashekhe wenzangu kwa sababu hizo wamefunga mlango moja kwa moja: ufukweni kusiendwe. Naheshimu ghera yao lakini sikubaliani nao. Upepo wa bahari na mchanga havikufanya kosa. Watu wa heshima wakiondoka, mahali hapageuki kuwa pema, huachwa kwa wale tunaowalalamikia. Bora baba aende na watu wake, achague pahala, achunge saa za sala, aokote takataka zake na za jirani, na amshike mtoto mkono. Wageni wetu waliosema Coco Beach ni pachafu wamesema kweli. Ila wakaendelea kusema kwamba ndiyo maana afadhali hoteli, na hapo wamekosea njia. Kama cha umma ni kichafu, dawa ni kukisafisha, kuweka vyoo vinavyofaa, na kuweka watu wa kuokoa. Hoteli zina hivyo vyote, nami nazisifu kwa hilo. Manispaa nayo inaweza.

Nikumbushe pia kwamba pwani ile kabla ya kuwa ya matembezi ilikuwa ya kazi, na bado ni ya kazi. Kunduchi, Msasani, Feri, ni mahali ambapo watu huamka usiku wa manane wakaingia majini ili wengine wale. Mgeni anayeziba pua Feri, jioni hiyo hiyo anaagiza samaki hotelini. Wazee wa Kizaramo wa mji ule, ambao kijiji chao Mzizima kilikuwapo kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga pale katika miaka ya 1860, waliujua ufukwe kwa majina ya ng'alawa na ya pepo. Kisiwa cha Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa kuwa hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na ni jambo jema, maana baruti ilikuwa imeyavunja matumbawe vibaya sana. Lakini mtalii aulizwapo nani aliyevitunza visiwa hivyo miaka mia kabla ya hapo, naye ajibu.

Sasa nitaje tukio moja. Tulikuwa upande wa kaskazini wa mji, maji yamekupwa, na vijana wangu wakawa wanatembea mchangani kandokando ya bahari, mahali ambapo saa tano baadaye pangekuwa chini ya maji. Wakafika mbele ya hoteli moja ambayo sitaitaja. Mlinzi akawatokea akawazuia, akasema hapo si njia. Vijana wakaomba radhi, wakageuka. Mimi nilikuwa nyuma na mguu wangu mbovu, nikafika wakati wameshageuka. Hilo halikuniuma sana, kwani mlinzi naye ni mtoto wa watu na ameajiriwa. Kilichoniuma kilikuja baada ya wiki mbili, nilipozisoma insha. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba amezuiwa njia. Mmoja alilitaja tukio, na akaliandika kama sifa: kwamba hoteli za Dar es Salaam zina ulinzi mzuri.

Ndugu msomaji, kijana huyo ni mwerevu, na kwa hesabu ni wa kwanza darasani. Amezuiwa kukanyaga mchanga wa bahari ya Mwenyezi Mungu na yeye akamshukuru aliyemzuia. Hajafunzwa hayo na mlinzi. Amefunzwa na ile mizani niliyoitaja, kwamba penye ukuta ndipo penye thamani.

Tuitazame sheria ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, wa ziwa na wa mto. Imewekwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, si kwa ajili ya wapita njia, na mtu wa haki hataipachika maneno isiyoyasema. Lakini lau ingelifuatwa sawasawa kwa wote, mita 60 hizo zingelitosha kupita msafara wa punda, sembuse watoto wa madrasa. Aliyetembea ukingoni mwa bahari ile amejionea jinsi kuta zilivyosogea. Na aliyetembea ukingoni mwa mto, huku kwetu, anajua jinsi mita 60 hizo hizo zinavyokumbukwa upesi pindi mwenye kibustani cha mboga anapoinama na jembe.

Wala sheria hii si ngeni kwetu. Wanazuoni wa fikihi walilipa jambo hili jina, wakaliita harimu: ule ukingo wa mto ambao watu wote wanauhitaji kwa kuteka maji, kushusha mizigo na kutupa tope la kuzibulia. Vitabu vya Kishafii vinavyosomeshwa katika pwani yetu vimesema wazi kwamba ukingo huo haumilikiwi na mtu wala haujengwi, hata kama kinachojengwa ni msikiti, na kikijengwa kivunjwe. Hata msikiti! Imam Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima kuwapinga waliokuwa wakisogeza majumba yao ukingoni mwa Nile katika kisiwa cha Rawda, na yeye mwenyewe alikuwa mkazi wa huko. Hakuwaogopa jirani zake, na jirani zake hawakuwa maskini. Ikiwa mto una harimu, mimi sioni bahari iikose kwa sababu gani. Mafundisho ya Bwana Mtume (s.a.w.) yamewafanya watu kuwa washirika katika maji na malisho, ushirika huo una maana gani ikiwa njia ya kuyafikia maji ina geti?

Mtasema, sheikh wa Ifakara ameyaona ya Dar es Salaam, yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu taa zile zilizowavutia watoto pwani zinawashwa, pamoja na vyanzo vingine, na mto wetu. Kilombero unapokutana na Luwegu unazaliwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka bondeni kwetu. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mashine yake ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024 na ukubwa wake ni megawati 2,115, linategemea mvua zinyeshazo juu ya vichwa vyetu. Mgeni wetu aliyepiga picha chini ya taa za daraja alipiga picha na maji ya nyumbani kwao bila ya kujua.

Yananihusu pia kwa sababu sisi wenyewe tumekuwa mahali pa kutembelewa. Basi la kwenda pwani hupita Mang'ula, chini kabisa ya milima ya Udzungwa, iliyo hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Ndani yake maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170, na wamo wanyama wasiopatikana popote duniani ila huko, kama yule kima wa Sanje ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1979 ingawa wakataji kuni wetu walimjua siku zote. Katika vijana niliofuatana nao safari ya mwisho, waliokwisha kupanda Sanje walikuwa wachache mno. Basi lilipopita hapo, wengi walikuwa wamelala, na walio macho walitazama simu. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo ukilinganisha na kile cha mgeni wa nje. Nauli ya kwenda Mang'ula haifiki hata robo ya nauli ya Dar es Salaam. Lakini kusema umekwenda Mang'ula hakumpi mtu cheo barazani.

Na bonde lenyewe, ardhi oevu yake imeorodheshwa tangu mwaka 2002 katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Sheshe wanapungua, kambale na perege wanapungua, wakulima na wafugaji wamegombana, serikali imeweka pori la akiba, na mipaka yake imewagusa watu wengi. Sitaingia katika mabishano hayo leo. Yana wenyewe, na haki haiko upande mmoja. Nasema hili tu: itakapofika siku ya kugawa ukingo huu, nani apite na nani asipite, nani ajenge kambi ya wageni na nani aondoe mtego wake wa samaki, watakaokaa katika mikutano hiyo ni vijana hawa hawa walioandika kwamba ulinzi wa hoteli ni mzuri.

Kwa hiyo safari ya mwaka huu nimeibadilisha. Kabla ya kupanda basi watakwenda kwanza Kivukoni, pale ambapo barabara ya Mahenge huvuka mto. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2018 pantoni haina tena kazi hapo, na ukingo ule ambao zamani watu walikesha wakingojea kuvushwa hauna shughuli kubwa. Nimewapa kamba. Wapime mita 60 kutoka majini, huku na huku, waandike kila kilichomo ndani ya kipimo hicho, na kila kimoja ni cha nani. Baada ya hapo ndipo waende pwani, na huko watapima vivyo hivyo popote watakaporuhusiwa kusimama.

Wamekwisha kuniletea swali la kwanza. Mto wetu wakati wa masika hupanuka ukameza mashamba mpaka macho hayaoni ng'ambo, na kiangazi hurudi ukalala katika mkondo wake. Wanauliza, hizo mita 60 zihesabiwe kutoka maji ya masika au maji ya kiangazi? Nimewaambia wamwandikie afisa ardhi wa wilaya barua ya adabu wamwulize, na jibu lake walibandike ubaoni.